Somo: Tuwafundishe Wanafunzi Kutunza Maji ya Nyumbani, Lakini Pampu Yetu Ianze

Somo hili ni lako mkulima kijana, popote ulipo, iwe Bungu, Mchukwi, Nyamisati au huko ndani kabisa kwenye visiwa vya delta. Leo sileti habari ya mbegu wala ya bei ya ufuta. Leo nataka tuzungumze maji, na hasa namna ya kuwafundisha watoto wa shule kuyatunza nyumbani. Usiseme "hilo ni la walimu". Soma mpaka mwisho utaona linatuhusu sisi wenye mashamba kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka fulani, mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea, niliitwa shule moja ya msingi upande wa delta nikafundishe klabu ya mazingira jinsi ya kubana matumizi ya maji. Nilikuwa na karatasi yangu nimeandaa vizuri. Nikaanza: "Ukipiga mswaki, funga bomba." Darasa zima likacheka. Nikauliza, "Nani kwao kuna bomba?" Hakuna mkono ulionyooka. Wote wanateka kisimani au mtoni. Nikaona hapa nimekuja na somo la watu wengine.

Basi nikaiweka karatasi pembeni, nikawaambia wabane hata ndoo moja tu kwa siku. Hapo ndipo binti mmoja wa darasa la sita akasimama.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba mwanangu."

"Sisi tukibana ndoo moja, kaka anawasha pampu kwenye kisima kile kile anamwagilia matikiti. Sasa ndoo yetu inakwenda wapi?"

Nilikosa jibu. Huyo kaka yake namfahamu. Ni mimi niliyemshauri achimbe shimo la umwagiliaji pale pale jirani na kisima cha kaya, kwa sababu maji yalikuwa karibu. Somo hili la leo ni jibu nililotakiwa kumpa yule mtoto siku ile.

1. Kwa nini ndoo moja ina thamani huku kwetu

Mtu wa mjini anabana maji ili bili isipande. Sisi tuna sababu mbili kubwa kuliko bili.

Ya kwanza, safari. Kila ndoo inayookolewa ni safari moja ambayo mtoto haendi. Mnaoishi kando ya Mto Rufiji mnajua kuna mamba. Mtoto akienda mtoni mara tatu badala ya mara tano, umempunguzia hatari mara mbili, na umempa muda wa daftari lake.

Ya pili, chumvi. Hii wengi hatuielewi vizuri, tuiangalie kwa makini.

Kwenye udongo wetu wa mchanga karibu na bahari na mikono ya mto, maji baridi ya kisima hayakukaa juu ya mwamba. Yamekaa juu ya maji ya chumvi. Maji ya mvua yakizama ardhini yanaelea juu ya yale ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tofauti ni kwamba haya mawili yanaweza kuchanganyika. Ukiteka taratibu, tabaka la juu linajijaza. Ukivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, chumvi inapanda kutoka chini mpaka kwenye ndoo yako.

Kuna hesabu maarufu ya Ghyben na Herzberg, wataalamu wa Ulaya walioieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Inasema kwenye mchanga wa pwani, kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Raha ya hesabu hiyo ni kwamba hazina yetu ya chini ni kubwa kuliko tunayoiona. Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi na kinyume chake: ukishusha usawa wa maji kwa sentimita 10 tu na ukaendelea kuushusha hivyo kwa muda mrefu, chumvi inaweza kupanda kama mita 4. Ndiyo maana unakuta kisima kilikuwa kitamu miaka yote, halafu kiangazi kimoja kinageuka, na watu wanasema kimerogwa. Hakijarogwa, kimevutwa kupita kiasi.

Na chumvi ikishaingia, kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki pale pale, tena inakolea zaidi kwa sababu maji yanapungua.

2. Jaribio la chupa (dakika 15 darasani)

Watoto hawaamini maneno, wanaamini macho. Tafuta chupa pana inayoonyesha ndani, chumvi, rangi kidogo ya ubuyu, na bomba jipya la sindano bila sindano yenyewe, lile kubwa linalouzwa maduka ya mifugo.

Koroga vijiko vinne vya chumvi na rangi kwenye maji, mimina mpaka nusu ya chupa. Kisha weka kijiko juu ya maji na umimine maji baridi polepole sana juu ya kijiko. Utaona mistari miwili: chini maji mekundu, juu maji meupe. Hicho ndicho kisima chenu.

Sasa ingiza ncha ya bomba kwenye maji meupe, karibu na mpaka. Mtoto wa kwanza avute polepole kidogo: yanakuja meupe. Mtoto wa pili avute kwa nguvu, tena na tena: wekundu unapanda, unaingia. Waulize, "Yupi ni ndoo na yupi ni pampu?" Hutahitaji kueleza zaidi.

3. Daftari la ndoo (wiki moja nyumbani)

Huwezi kubana kitu ambacho hujakipima. Mkulima wa biashara anajua hilo, mbolea anapima, dawa anapima, lakini maji anakisia.

Kila mwanafunzi achukue ukurasa mmoja wa daftari, aandike siku saba, na kila ndoo ya lita 20 inayotumika apige mstari chini ya kazi yake: kunywa na kupika, kuoga, vyombo, kufua, kunawa, mengineyo. Asimgombeze mtu, asibadilishe chochote wiki ya kwanza. Ahesabu tu.

Nilijaribu kwangu kwanza. Watu watano, tulikuta ndoo saba kwa siku, yaani lita 140. Kilichonishangaza ni kwamba kuosha vyombo kulitumia ndoo mbili nzima, kwa sababu tulikuwa tunasuuza kila sahani kwa kumwagia maji ya kata. Tukaweka beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Ndoo mbili zikawa moja. Kunawa mikono tukatengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyaga; maji yanachirizika kidogo kidogo badala ya kumwagwa. Pamoja na kuoga kwa kata badala ya kujimwagia ndoo, tukashuka mpaka ndoo tano. Tumeokoa ndoo mbili, lita 40 kwa siku.

Angalizo kubwa hapa: kubana maji si kubana usafi. Mwambie mtoto waziwazi kwamba maji ya kunywa hayabanwi, na ya kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula hayabanwi. Kipindupindu hakina huruma na mtu anayebana maji mahali pasipofaa.

Kwa wale walioko Kibiti mjini au kwenye vijiji vyenye mradi wa RUWASA na mabomba, wanafunzi wapime uvujaji. Waweke kikombe chini ya koki inayovuja kwa dakika 10. Kikijaa robo lita, wazidishe mara 144, maana siku ina dakika 10 mara 144. Jibu ni lita 36 kwa siku, karibu ndoo mbili. Wapeleke hesabu hiyo kwa chombo cha watumia maji cha kijiji. Mtoto aliyeshika namba anasikilizwa kuliko mtu mzima anayelalamika.

4. Kupima mvua na paa

Hapa ndipo hesabu za shule zinapokuwa tamu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Ishike hiyo, haibadiliki.

Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na miti na paa. Mvua ikikatika, mwanafunzi aingize rula na kusoma milimita. Kisha apime paa la bati kwa hatua au kwa tepu. Tuseme nyumba ni mita 6 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 42. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya vuli, inaleta lita 420. Toa sehemu moja ya tano inayorukia nje na kupotea, zinabaki kama lita 336, karibu ndoo 17. Mvua moja, ndoo 17, na hakuna aliyekwenda kisimani.

Gata unaweza kutengeneza kwa bati lililokunjwa au kwa bomba la plastiki lililopasuliwa. Maji ya mwanzo yaache yaende, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri kwa kitambaa au chandarua kizima, vinginevyo umefuga mbu. Nyumba ya makuti nayo inatoa maji, ila yanakuwa ya kahawia. Hayo usinywe, peleka kwenye kitalu cha miche.

5. Maji ya pili

Kwetu maji yanatumika mara moja yanamwagwa uani. Wafundishe watoto kuuliza: "Haya maji yana kazi ya pili?"

Maji ya kuoshea mchele na mboga: mwagia mchicha na bamia, chini kwenye shina, si juu ya majani.

Maji ya kuoshea samaki: chimba shimo kando ya mgomba, mwaga humo ufunike na majani, inzi wasije.

Maji ya kusuuzia nguo: mipapai, migomba, minazi. Badilisha mti kila siku, maana sabuni ikirundikana sehemu moja inaharibu udongo. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usipeleke kwenye mmea wowote.

Mboga zinazoliwa mbichi kama kachumbari, usizimwagilie maji machafu ya aina yoyote. Na maji ya pili yatumike siku hiyo hiyo, yakilala yananuka.

6. Sasa zamu yetu, wenye pampu

Turudi kwa swali la yule binti. Tufanye hesabu bila kuoneana haya.

Pampu ndogo ya petroli inatoa mamia ya lita kwa dakika. Tuchukue lita 200 tu, tusiiseme vibaya. Saa moja ni lita 12,000, sawa na ndoo 600. Familia inayotumia ndoo saba kwa siku ingeishi kwa maji hayo siku 85, karibu miezi mitatu. Kaka mtu anayamaliza kabla chai haijapoa. Kwa hiyo mtoto alikuwa sahihi: huwezi kufundisha nyumba nzima kubana ndoo huku shamba linavuta mapipa.

Nilimfuata yule kijana shambani. Tukaenda na dada yake na daftari lake. Kabla ya pampu kuwashwa tulionja maji ya kisima, yalikuwa baridi. Pampu ikafanya kazi saa moja, tukaonja tena. Yule binti akakunja uso. Kaka yake akaniambia, "Bwana shamba, wewe ndiye uliyenionyesha hapa." Nikamwambia kweli, ni mimi, na nimekosea. Tukakaa chini ya mkorosho tukapanga upya. Haya ndiyo tuliyokubaliana, nawe yachukue.

Kwanza, shimo la shamba lisiwe jirani na kisima cha kunywa, na lisisogee upande wa mkono wa mto wenye maji ya chumvi. Kama unafikiria kuchimba kisima kikubwa, usikisie, waulize Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kuhusu kibali. Matumizi ya maji ya namna hiyo yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Pili, vuta kidogo kidogo. Badala ya saa moja mfululizo, vuta dakika 15 alfajiri ujaze tenki, acha kisima kipumue, urudie jioni. Tenki linamwagilia kwa matone muda wote.

Tatu, jua mmea unahitaji nini. Kwenye jua letu, mboga iliyokomaa inakunywa kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000, kwa hiyo lita 5,000 zinatosha hata matikiti yakiwa yamefunika ardhi yote. Yeye alikuwa anamwaga zaidi ya lita 12,000 kwa mpira. Zaidi ya nusu ilikuwa inazama kwenye mchanga na mbolea yake ndani. Mpira wa matone na matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba vinapunguza zaidi, na magugu yanapungua pia.

Nne, panda kwa kufuata maji, usilazimishe maji yafuate kalenda yako. Wazee wa Rufiji wana kilimo cha mlau: mafuriko yakishuka wanapanda kwenye unyevu ulioachwa na mto, bila pampu wala mpira. Tikiti lililoota kwenye unyevu wa baada ya masika linahitaji maji machache ya kisima kuliko lililopandwa katikati ya kiangazi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliumiza wengi Kibiti na Rufiji, lakini unyevu uliobaki mabondeni usiuache upotee bure.

Tano, kama unavuta moja kwa moja kwenye mkono wa mto, fuata bahari. Maji yakipwa, ya mto yanasukuma chumvi nje. Yakijaa, chumvi inaingia. Kipindi cha bamvua chumvi inaingia mbali zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Wavuvi wanalijua hili kwa kichwa, waulize.

Sita, pima chumvi. Kifaa kidogo cha kupimia kinapatikana, na bwana shamba wa kata anaweza kukusaidia kukipata. Miongozo ya FAO inasema maji yaliyo chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana shida kwa mazao, kuanzia 0.7 hadi 3.0 chagua zao na kuwa mwangalifu. Zaidi ya 3.0 usimwagilie mboga. Maharage hayavumilii chumvi kabisa, nyanya inavumilia kiasi, mnazi ndiyo shujaa. Ukiona kingo za majani zinaungua na udongo una ukoko mweupe, umechelewa kidogo, lakini hujachelewa kabisa.

7. Lita 40 zinalipa nini

Najua kijana wa biashara atauliza, "faida yake?" Lita 40 zilizookolewa nyumbani, kwa lita 5 kwa mita ya mraba, zinatosha mita za mraba 8. Hilo ni tuta la mita 1 kwa 8 la mchicha wa kuuza mtaani, au kitalu cha miche ya nyanya cha shamba lako zima, bila kugusa kisima hata mara moja. Mpe mwanafunzi wa nyumbani tuta hilo liwe lake, auze, anunue madaftari. Mtoto aliyeona ndoo imegeuka shilingi hatahitaji kukumbushwa.

Mwisho

Sitaki nikudanganye kwamba kile kisima kilirudi kuwa kitamu wiki ile ile. Hakikurudi. Kilibaki na ladha ya chumvi mpaka mvua za vuli zilipokolea, na kaya zile zilipata shida ya miezi kadhaa kwa ushauri wangu. Msimu uliofuata kijana alihamisha shimo, akapunguza eneo, akapanda mapema. Dada yake ndiye aliyekuwa akionja maji kila asubuhi na kuandika kwenye daftari: "baridi" au "chumvi". Akiandika chumvi, pampu haiwashwi siku hiyo. Kaka alikubali, ingawa mwanzoni alinuna.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni mbili. Nenda shule iliyo karibu na shamba lako, omba kipindi kimoja, fanya jaribio la chupa na uwaachie daftari la ndoo. Na kabla hujaenda, pima pampu yako: jaza pipa la lita 200, hesabu sekunde, andika. Ukisimama mbele ya watoto wale, kuna mmoja atakuuliza swali lile lile. Uwe na jibu.

Kazi njema, na tukutane somo lijalo, tutazungumzia matandazo kwenye udongo wa mchanga.